Nkt! Mboga Yenu Inaogelea Mafutani

Nkt! Yaani mtu mzima, mwenye watoto, anasimama hapa kijiweni mbele ya watu na kusema ati sukuma wiki ni chakula cha kungojea mshahara. Kijana wa boda ndiye aliyesema, kipande cha mutura mkononi, na wenzake wakapiga makofi. Mzee wetu mmoja, ambaye huwa namheshimu kwa fikira zake, akaongeza kwamba mgeni akija kwako ukamwandalia majani matupu, umemtukana. Nikasonya. Nasonya mpaka sasa.

Tuzungumze basi, kwa sababu jambo lenyewe si la kuchekwa. Kutoka kijiweni hapa mtu anatembea kwa miguu mpaka Nandi Road, hapa Eldoret, ilipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya wenyeji, na leo inapokea wagonjwa wa magharibi yote ya nchi. Simama pale langoni asubuhi uone matatu za Kitale, Kapsabet, Kabarnet na Kakamega zinashusha nani. Wanashuka watu wa makamo wenye daftari za kliniki ya presha na kliniki ya moyo, na wengi wao ni wakulima, walimu, mama wa sokoni. Tulikuwa tukiambiwa haya ni magonjwa ya matajiri wa Nairobi. Mwaka 2015 serikali iliwapima Wakenya watu wazima nchi nzima, na karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya walioulizwa walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Na utafiti huo huo uligundua kwamba watu 94 kati ya 100 hawafikishi kiasi cha mboga na matunda kinachotakiwa kwa siku, yaani gramu 400 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani.

Kijana akaruka: “Lakini mkubwa, sisi tunakula sukuma kila siku!”

Hapana. Tunakula ugali kila siku. Sukuma ni ya kuteremshia. Tazama sahani yako ya mchana pale kibandani: ugali umejaa mpaka ukingoni, na mboga imebanwa pembeni, vijiko viwili vya majani yaliyosagika kwenye mafuta. Hiyo ndiyo unaihesabu kuwa mboga ya siku?

Na hii aibu ya kula majani tumeitoa wapi? Bibi zetu hawakuwa nayo. Managu, sageti, kunde, terere, mrenda, mitoo, nderema, kila jamii iliyokuja kuishi Eldoret ilikuja na majani yake na namna yake ya kuyapika. Halafu tukafundishwa kwamba kabeji na spinachi ndizo mboga za watu waliosoma, hizo nyingine ni magugu ya shambani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia maisha yake ya kazi kuzirudishia hadhi mboga hizo, kutafuta mbegu zake na kupima virutubisho vyake, wakati ambapo wengi waliona si jambo la msomi kujishughulisha nalo. Amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto, mwili wake ulikataa nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa hiyo alilelewa kwa majani na nafaka. Akakua, akawa profesa. Sasa mtu aniambie majani ni chakula cha wanyonge!

Haya, kolesteroli. Neno hili kila mtu hapa analitamka, na kila mtu analiogopa kama sumu. Si sumu. Mwili unaihitaji kujengea kuta za seli na kutengenezea homoni, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini letu wenyewe. Balaa ni ile inayosafirishwa kwenye damu na chembe ziitwazo LDL. Ikizidi, inajipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando mgumu, taratibu, miaka ishirini, miaka thelathini, bila maumivu yoyote. Siku utando huo ukipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Ukiziba moyoni, ni shambulio la moyo. Ukiziba kichwani, ni kiharusi. Hapo ndipo watu husema mtu “alianguka tu ghafla”. Si ghafla. Ilikuwa safari ndefu.

Majani hayana kolesteroli hata chembe, kwa kuwa katika vyakula hiyo inapatikana kwenye vya wanyama peke yake. Lakini kazi yake kubwa iko tumboni. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli. Nyongo inamwagwa kwenye utumbo mdogo kuyavunjavunja mafuta, kisha karibu yote inafyonzwa tena na kurudi kwenye ini itumike upya. Sasa nyuzinyuzi za mboga hunasa sehemu ya nyongo hiyo na kutoka nayo chooni. Ini likiona nyongo yake imepungua, inabidi litengeneze nyingine, na malighafi linaichota kwenye damu, kwenye hiyo hiyo LDL. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwahi kuchapisha matokeo mwaka 2008 kwamba sukuma na kabeji zilizopikwa kwa mvuke hunasa nyongo vizuri zaidi kuliko zikiwa mbichi. Hiyo ilikuwa kwenye mirija ya maabara, haikuwa ndani ya tumbo la mtu, kwa hiyo tusikimbie nayo. Lakini inatosha kumsonya yule anayesaga sukuma mbichi na kuniambia ukipika umeua kila kitu.

Na niseme ukweli wote, kwa sababu siwezi kuyatetea majani kwa uongo: kwa kolesteroli peke yake, hayafanyi miujiza. Punguzo lake ni la wastani. Yanayopunguza zaidi ni nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka na kuteleza. Mwaka 2003 Profesa David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha jaribio ambamo watu walilishwa shayiri, bamia, biringanya, soya, lozi na vyakula vingine vya mimea kwa mwezi mmoja. LDL yao ilishuka kwa karibu asilimia 29, na wenzao waliopewa vidonge vya lovastatini walishuka kwa karibu asilimia 31. Bamia, jamani! Na mrenda wetu, ambao vijana wa mjini wanaukunjia uso kwa sababu unateleza, utelezi wake ni nyuzinyuzi za jamii hiyo. Mnachekea kitu cha maana.

Majani yanajitetea vizuri zaidi kwenye presha. Yana potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi nje na kulegeza mishipa. Mwaka 1997 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio lao liitwalo DASH, la mlo wenye mboga na matunda kwa wingi na maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Kwa wale waliokuwa tayari na presha, namba ya juu ilishuka kwa pointi 11 hivi, bila kupunguziwa chumvi wala uzito. Pointi 11 ni karibu kazi ya kidonge kimoja.

Kisha kuna naitreti. Mboga za majani huinyonya kutoka udongoni. Ukila, inafyonzwa, inarudi kwenye mate, na bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza, mpaka mwishowe mwili unapata gesi ya naitriki oksaidi inayoilegeza mishipa ya damu. Ndiyo, ulimi huu huu tunaosonyea! Watafiti waliowafuatilia watu zaidi ya 50,000 nchini Denmark kwa miaka 23, na kuchapisha mwaka 2021, waliona kwamba waliokula zaidi mboga zenye naitreti hatari yao ya maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa chini kwa asilimia 12 hadi 26. Kufuatilia watu si sawa na kufanya jaribio, maana mla mboga huenda pia havuti sigara na anatembea sana, ingawa walijaribu kuyatenganisha hayo. Kilichonigusa ni kiasi. Faida ilifika kileleni kwa kikombe kimoja cha majani mabichi kwa siku, sawa na nusu kikombe yakishapikwa. Nusu kikombe! Mama mboga wa Langas anakuuzia fungu linalotosha nyumba nzima kwa pesa isiyofika nauli ya boda.

Mzee akatafakari, akanitegea: “Na Wamasai je? Vizazi na vizazi nyama, maziwa na damu, na mioyo yao mizima.”

Swali zito, mzee wangu, na wenye elimu waliwahi kuliuliza kabla yetu. Daktari George Mann, Mmarekani, alikwenda Tanzania miaka ya 1960 kuwapima Wamasai, na kweli akakuta kolesteroli yao iko chini. Mwaka 1972 akatoa matokeo ya kuichunguza mioyo ya wanaume 50 waliofariki: utando wa mafuta ulikuwepo mishipani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na yeye aliuhusisha upana huo na kutembea kwao mchana kutwa nyuma ya ng'ombe. Halafu kuna jambo ambalo wapenda nyama hawalitaji. Mmasai hanywi supu tupu. Anachemshia humo magome na mizizi michungu, kama ya mti wa olkiloriti. Mwanasayansi Timothy Johns wa Kanada alichunguza mimea hiyo na kukuta saponini, kemikali za mimea zinazoweza kuizuia kolesteroli isifyonzwe tumboni. Kwa hiyo hata mla nyama mashuhuri kuliko wote Afrika Mashariki hajawahi kuiacha mimea. Wewe mzee, nyama yako inafuatwa na nini? Soda na kiti cha matatu.

Na kijana naye asiniletee wakimbiaji. Najua wanakula ugali. Naijua Kaptagat wanakofanyia mazoezi, najua Kipchoge alikimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40 tarehe 12 Oktoba 2019 na kila mtu hapa mjini akajiona ni yeye. Lakini mwaka 2004 Profesa Vincent Onywera na wenzake walichapisha walichokipima kwa wakimbiaji kumi wa daraja la juu wa Kenya: karibu asilimia 77 ya nguvu yao ilitoka kwa vyakula vya wanga, na mafuta yalikuwa asilimia 13 tu. Asilimia 13! Ugali wao mkubwa unachomwa barabarani kabla jua halijachomoza. Kijana wa boda ameketi juu ya pikipiki tangu alfajiri, mchana chipsi, jioni mutura.

Sasa tuje kwenye sufuria, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Mnakwenda kwa mama mboga, mnasema, “Mama, nikatie nyembamba.” Anakata kama uzi. Majani yanakaa wazi tangu saa kumi mpaka ufike nyumbani, kisha unayaosha yakiwa yamekatwa, na maji ya kijani yanamwagwa kwenye sinki. Sehemu ya potasiamu niliyokusifia na ya vitamini C imeondoka na maji hayo. Kisha sufuria inawekwa motoni, linachotwa pande la mafuta ya kuganda lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na mara nyingi mafuta hayo yametokana na mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayolizuia ini kuiondoa LDL kwenye damu. Umeelewa? Nyuzinyuzi zinalilazimisha ini kuichota kolesteroli, na mafuta yanalifunga mikono lisiichote. Chakula kimoja, sahani moja. Halafu chumvi inamwagwa kwa kiganja, na juu ya chumvi kiungo cha paketi ambacho nacho kimejaa chumvi. Majani yamekuja kushusha presha, mmeyavisha kinachoipandisha. Yanapikwa mpaka yawe ya kahawia. Kisha mtu anapapasa tumbo na kusema nimekula mboga leo. Nkt!

Na sisemi mafuta ni adui. Vitamini A tunayoipata kutoka kwa majani haiingii mwilini vizuri bila mafuta kidogo. Kidogo. Osha majani yakiwa mazima, kata mwenyewe, kitunguu na nyanya, vijiko viwili vya mafuta ya maji kwa sufuria ya familia, funika, dakika tano, epua yangali kijani. Kama unataka ladha, kuna dania, kuna limau, kuna karanga zilizosagwa. Hivi karanga za kusaga kwenye kunde zimewakosea nini, mpaka mkaziacha na kwenda kununua unga wa paketi?

Mama mmoja wa Kapsoya aliyekuwa akinunua nyanya pembeni alinisikia na kuuliza kuhusu managu ya maziwa, ile ya Kikalenjin inayolazwa usiku kucha. Namuunga mkono. Maziwa yanaua uchungu bila chumvi nyingi, na ni chakula cha heshima. Tatizo ni anayetia malai mpaka mboga iwe nyeupe, na anayechemsha managu saa nzima na kumwaga maji kwa sababu ya uchungu. Changanya managu na terere, uchungu utapungua wenyewe, wala huna haja ya kumwaga chochote. Isipokuwa mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu. Huyo ndiye wa kuchemsha na kumwaga maji, na ale kwa kipimo alichopewa. Hilo nalisema kwa uzito.

Lipo kundi la pili ambalo nalisonyea kwa nguvu zile zile. Hao wanapita stendi na chupa za kijani, juisi ya majani, ati inasafisha mishipa wiki mbili na uache vidonge. Hakuna jani linaloosha utando uliokwisha kuganda kwenye mshipa. Mboga ni chakula, inafanya kazi kwa miaka, sahani baada ya sahani. Mtu mwenye presha ya 180 akiacha dawa kwa sababu ya chupa ya shilingi mia tatu, kiharusi kinamngoja. Nimeumia kuona familia zikibeba mzigo huo.

Kijana alikuwa amenyamaza muda. Mutura umeisha. Akauliza kwa sauti ya chini kidogo: “Mkubwa, na mtu wa warfarini? Mama yangu aliambiwa kliniki asile mboga ovyo, ameacha kabisa.”

Hapo nikaweka msonyo kando, kwa sababu jambo hili linawahusu watu wengi wa huku. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, homa ya baridi yabisi inashambulia vali za moyo, na miaka baadaye anawekewa vali ya chuma. Damu hupenda kuganda kwenye vali hiyo, ndiyo maana anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na Hospitali ya Moi ina kliniki inayoendeshwa na wafamasia kwa ajili ya kupima damu za watu kama hao na kurekebisha dozi. Warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Na vitamini K imejaa wapi? Kwenye sukuma, managu, spinachi, kunde, majani yote ya kijani kibichi. Ukila mengi kwa ghafla, dawa inashindwa nguvu na damu inaweza kuganda kwenye vali. Ukiacha kwa ghafla, dawa inazidi nguvu na unaweza kutokwa na damu ndani kwa ndani. Hatari iko pande zote mbili, na iko katika kubadilika.

Na huku kwetu majani yanafuata mvua. Uasin Gishu tunapanda mahindi na ngano ekari kwa ekari, mboga tunaiachia kipande nyuma ya jikoni. Januari na Februari kila kitu kimekauka, sukuma imepanda bei, nyumba inakula maharagwe. Mvua ya Aprili ikishika, terere iko tayari baada ya wiki tatu au nne, managu inaota hata pasipopandwa, na watu wanakula majani asubuhi na jioni. Moyo wenye vali ya chuma unaupata msimu huo wote kupitia sahani. Anayeweza kupanda magunia mawili ya sukuma nje ya nyumba, hata kama ni chumba cha kukodi Huruma, na kuyamwagilia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni, ana mboga ya kiasi kile kile mwaka mzima.

“Sasa nimwambie nini?” akauliza.

Mwambie mama asiache mboga moja kwa moja, na asianze tena kwa pupa. Kwa kuwa ameshaacha na dozi yake imepangwa hivyo, asirudie kabla ya kusema na watu wa kliniki. Safari ijayo mpeleke wewe mwenyewe na pikipiki yako, uingie naye ndani, umwambie mfamasia kwamba mama anataka kula managu nusu kikombe kila siku, na umuulize mama arudi kupimwa damu lini. Wala usimsaidie kununua ile chupa ya stendi.

“Na mimi?”

Wewe huna warfarini. Mama mboga bado hajafunga. Nenda sasa hivi, na umwambie asikukatie.